Herufi Zenye Tumbo

Nilipofika Sindo kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa naogopa maji. Kwetu ni Kegonga, kwenye mahindi na ng'ombe, ambako maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni ya mto ukifurika wakati wa mvua. Halafu nikapewa darasa la nasari katika shule ambayo ukichungulia dirishani unalikuta ziwa limekukodolea macho. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mali yangu ilikuwa sketi mbili, cheti cha mafunzo ya miezi michache, na kicheko ambacho mama yangu alikuwa ameshaniombea kanisani nipunguziwe. Nikianza kucheka siwezi kuacha. Nimewahi kucheka mazishini. Nimewahi kucheka mbele ya chifu.

Watoto walikuwa thelathini na wanne. Wao walisema Kijaluo, mimi Kikuria, na katikati yetu palikuwa na Kiswahili, ambacho wao walikijua kidogo na mimi nilikijua kidogo zaidi yao.

Mwalimu mkuu alinionyesha kazi yangu asubuhi ya kwanza. Alikuwa mtu mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama, na nyuma ya ofisi yake alifuga bata weupe ambao aliwapenda waziwazi. Alinipa chati moja ya herufi na fimbo ndefu.

"Unagusa, wanasema," aliniambia. "Unagusa tena, wanasema tena. Kufika Desemba watakuwa wanasoma."

Basi nikagusa, wakasema. A, wakasema A. B, wakasema B. Walisema kwa sauti moja nzuri kama kwaya, na mimi nikajiona mwalimu kamili. Nusu ya muhula ikapita hivyo. Siku moja upepo wa ziwani uliivuta chati ikaanguka, nami nikaitundika tena haraka haraka bila kuangalia. Nikagusa herufi ya kwanza, wakasema A. Nikagusa ya pili, wakasema B. Tulipofika G ndipo nikatupa jicho ukutani nikaona chati imesimama kichwa chini miguu juu. Herufi niliyokuwa nimegusa nikiimbiwa A ilikuwa Z.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Watoto nao wakacheka, kwa sababu mwalimu anacheka, bila kujua tunachekea nini. Lakini kicheko kilipoisha nikaona nilichokuwa nimefanya. Wiki zote zile nilikuwa nimewafundisha wimbo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia ukutani.

Sikumwambia mwalimu mkuu. Nilikwenda kwa mpishi wa shule nikaomba vipande vya mkaa, kisha nikaomba mifuko mitupu ya simiti kwa mafundi waliokuwa wanajenga choo kipya. Mfuko wa simiti una karatasi kadhaa, moja ndani ya nyingine, na zile za katikati ni safi. Nikazikata, nikaandika herufi kubwa kwenye kila kipande, nikampa kila mtoto karatasi yake na mkaa wake. Nilitaka wafuatishe mistari. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata ningeimba wasingenisikia, kwa hiyo nilizunguka tu katikati yao nikitazama.

Karibu na mlango aliketi msichana mmoja wa miaka mitano aliyekuwa analelewa na nyanya yake. Tangu nimefika sikuwa nimesikia sauti yake. Wenzake walikuwa wameniarifu mapema, "Ticha, huyo hasemangi," nami nikaacha kumuuliza maswali ili nisimwaibishe. Nilipomfikia, hakuwa amefuatisha mstari wowote. Alikuwa amejaza mkaa ndani ya tundu la A, akajaza ndani ya O, akajaza ndani ya D. E na L na T alikuwa ameziacha kama zilivyo.

Nikachuchumaa. "Hizi umeziacha kwa nini?"

Alinyoosha kidole kwenye B, akanionyesha vidole viwili, kisha akajipiga tumboni mara mbili, pu, pu.

Nilielewa papo hapo. B ina matumbo mawili. L haina tumbo lolote, utapaka wapi? Mtoto yule alikuwa ameziangalia herufi vizuri kuliko mimi mwenye cheti. Nilirukaruka katikati ya darasa. Nikaandika B kubwa ubaoni, nikawaambia wote kwamba mwenzao amegundua kitu, na kwamba huyu B ana mapacha. Darasa zima likaangua kicheko. Mvua ilipokatika walikuwa wameshatoa hukumu zao: P amebeba karai kichwani, R ni P aliyechoka akatoa mguu, Q ni O mwenye mkia, na C ni O aliyeacha mlango wazi. Hakuna aliyesema tena Z ni A.

Kuanzia hapo tukaacha kuimba tukaanza kupaka. Kwenye semina ya walimu wa nasari huko Homa Bay nilikuwa nimepewa boksi moja la krayoni, nalo nilikuwa nimelificha chini ya kitanda nikingoja siku ya maana. Nikaona siku ndiyo hii. Krayoni zilikuwa kumi na moja, nikazivunja kila moja vipande vitatu, na mtoto wa mwisho aliyebaki mikono mitupu nikampa tofali jekundu lililosagwa na pamba ya kuchovya. Kesho yake wote walitaka tofali.

Nilichora herufi kubwa zenye mistari miwili, nene, nafasi katikati, na kando ya kila herufi nikachora kitu ambacho jina lake linaanza na herufi hiyo. Niliona nimetengeneza kazi safi. S ilikuwa ya SAMAKI. Nilimchora mwenyewe, mapezi, jicho, mkia, nikajivuna.

Mvulana wa dawati la mbele aliitazama sana ile karatasi. "Ticha, hii si samaki."

"Ni samaki."

"Hii ni ngege."

"Ngege si samaki?"

Akamgeukia mwenzake wakashauriana kwa Kijaluo, kwa upole, kama watu wanaotafuta namna ya kumwambia mgeni habari mbaya. "Ngege ni ngege," akasema mwishowe. "Mbuta ni mbuta. Samaki ndiyo gani?"

Nilijaribu kueleza, nikashindwa. Hawa ni watoto wa ziwani. Kwao kuchora samaki tu ni kama mtu aje kwetu Kegonga achore mnyama asiyejulikana kama ni ng'ombe au ni mbwa. Nikachukua karatasi mpya. N ikawa ya NGEGE. M ikawa ya MBUTA, na mbuta wakataka awe mkubwa mpaka atoke nje ya karatasi, kwa sababu ndivyo alivyo. K ikawa ya KAMONGO, yule mrefu wa matopeni. O ikawa ya OMENA, dagaa wa kwao, na ndani ya tumbo la O kila mtoto alichora omena wadogo wadogo mpaka wakakosa pa kulala. Walinifundisha kutamka majina hayo, na kila nilipokosea walijiangusha sakafuni kwa kucheka. Wiki mbili hazikupita kabla wengi wao hawajaweza kuchukua karatasi yenye NGEGE bila picha na kuniambia ni nani huyo.

Ila karatasi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya B. Bata wa mwalimu mkuu walikuwa na tabia ya kuingia darasani kwetu kutafuta makombo ya uji, na yeye alikuwa anapita akisema kwa Kiswahili, "Toa bata nje, toa bata nje." Kwa hiyo BATA lilikuwa neno la hali ya juu, neno la ofisini. Nilimchora bata mnene, chini yake nikaandika jina lake kwa herufi za kujaza. Wakajaza bata mwekundu, bata wa kijani, bata mwenye bawa la zambarau.

Mwalimu mkuu akaingia siku hiyo hiyo. Alitembea kati ya madawati, mikono nyuma, akasimama mbele ya bata wa buluu.

"Mwalimu," akaniambia, "hii ni saa ya kusoma?"

"Ndiyo, mwalimu mkuu. Wanasoma."

"Naona wanacheza."

"Wanacheza wakisoma."

Alimnyanyua yule bata wa buluu, akamtazama kwa muda. "Bata wangu ni weupe," akasema, akairudisha karatasi na kutoka. Niliuma kitambaa cha kichwa ili nisicheke kabla hajafika ofisini.

Wiki ileile kipande kimoja cha krayoni nyekundu kilipotea. Nilitafuta chini ya madawati sikukiona. Siku ya tatu alikuja shuleni nyanya yake yule msichana asiyesema. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, muuza samaki aliyeheshimika soko zima. Mkononi alikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa kilichozungushiwa leso. Alikifungua mbele yangu pasipo salamu ndefu.

"Mwalimu, hii ni kazi yako?"

Kila O katika kitabu kile, kubwa kwa ndogo, ilikuwa imejazwa rangi nyekundu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nyimbo za Noeli, nyimbo za Pasaka, nyimbo za mazishi, zote zilikuwa na madoadoa kama mtu mwenye surua. Nilijua natakiwa kuomba msamaha. Badala yake niliinama nikaanza kutafuta O iliyosahaulika, na kadiri nilivyoikosa ndivyo kicheko kilivyonipanda.

"Unacheka," akasema yule mama.

"Nisamehe, mama. Tafadhali angalia. Hajaacha hata moja. Wala hajapaka C hata moja. Hata mimi ningeruka kadhaa."

Aliweka miwani sawa. Yeye alisoma vizuri, alikuwa amefika darasa la saba enzi ambazo wasichana wachache walifika huko. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa mzima, kisha mwingine, akitafuta kwa bidii ya mtu anayetaka kushinda kesi. Nilimvutia kiti. Baadaye alikifunga kitabu.

"Nyumbani huyu mtoto anaongea kama redio," akasema. "Hapa kwenu ndiyo amefunga mdomo. Sijui mlimfanya nini."

"Hatujamfanya kitu, mama."

"Basi mwambie asiguse Biblia." Akajifunga leso yake akaondoka.

Krayoni ziliisha, kama nilivyojua zitaisha. Nilikuwa nimesikia kwamba ufukweni kuna fundi anayepaka boti rangi. Boti za Sindo hazikuwa zinaenda majini zikiwa uchi. Zilipakwa pembetatu na almasi nyekundu, njano na kijani, na ubavuni jina kwa herufi kubwa. Nikafikiri, fundi kama huyo hawezi kukosa mabaki ya rangi kwenye makopo. Nikaomba ruhusa nikatoka na darasa zima, tumeshikana mikono kama mnyororo, mimi nikiwa upande wa mbali na maji.

Fundi alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, mkimya, nguo zake zimekauka rangi mpaka zinasimama zenyewe. Siku hiyo alikuwa anamalizia boti mpya kabisa iliyokuwa ufukweni juu ya magogo. Kumbe ilikuwa ya yule nyanya wa kitabu cha nyimbo. Mama huyo alikuwa ameijengesha pole pole kwa muda mrefu, na asubuhi hiyo, baada ya maombi, ilikuwa inaingizwa majini. Jina alilolichagua lilikuwa Bahati. Fundi alikuwa ameanza kazi alfajiri na rangi ilikuwa bado mbichi.

Tulimsalimia, nikaanza kueleza shida yangu ya rangi. Akiwa ananisikiliza, nikahisi mkono mdogo unanivuta sketi. Ni yule msichana. Alikuwa anaitazama boti ya nyanya yake, macho yamemtoka.

"Bata," akasema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Sauti yenyewe ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea, sauti ya mtu aliyekuwa akiitunza. Akanyoosha kidole ubavuni mwa boti. "Ticha, bata iko kwa boti."

Nikatazama. Kwa herufi nyekundu, nzuri, nene, zenye kivuli cha njano, ubavu wa boti ulikuwa umeandikwa BATAHI.

Thelathini na watatu waliobaki wakaona kwa pamoja. "Bata, bata, bata," wakaanza, wengine wakitembea kwa kuyumba na kutikisa makalio. Fundi alikunja uso.

"Wanasema nini hawa? Nimeandika Bahati."

Alitoa kikaratasi mfukoni, akanionyesha. Mama mwenyewe alikuwa amemwandikia BAHATI kwa mkono wake. Fundi akaangalia karatasi, akaangalia boti, akaangalia karatasi tena. Nami nilikuwa namwangalia yeye. Macho yake hayakusimama popote. Yalipita juu ya herufi kama mguu wa mtu anayetafuta ngazi gizani. Herufi mbili zilikuwa zimebadilishana viti, H na T, na yeye hakuweza kuliona hilo.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, akiwageuzia mgongo watoto, "mimi nachora tu. Sijawahi kujua zinasema nini."

Hapo sikucheka. Nilimwambia, "Rangi bado mbichi, fundi. Una mafuta ya taa?"

Alikuwa nayo. Tulipoinua macho tuliona watu wa kanisa wanatokea sokoni, wamevaa meupe, mama mwenye boti mbele yao, wanaimba na kutembea kwa mwendo wa maandamano. Walikuwa na mwendo wa dakika labda kumi. Fundi alichovya tambara akafuta T na ile H. Nikatoa chaki mfukoni, kwa kuwa mwalimu hakosi chaki, nikachora H mahali pake, mistari miwili, uwazi katikati, kisha T mahali pake, vilevile nilivyowachorea watoto. Fundi akachukua brashi.

"Jaza tu ndani," nikamwambia. "Usitoke nje ya mstari."

Watoto walikuwa wamejipanga nyuma yetu. Kila wiki nilikuwa nimewaambia maneno hayohayo, na sasa walimwambia yeye, kwa sauti ya walimu. "Usitoke nje ya mstari, fundi. Pole pole. Hapo pembeni umeacha." Yule msichana alisogea mpaka karibu na kopo la rangi. Maneno yaliyokuwa yamelala tangu Januari yakaanza kumtoka moja baada ya jingine. "Hiyo H haina tumbo," akamweleza fundi. "Ni milango mbili, huku na huku. Weka rangi kwa mbao ya katikati."

Fundi akaweka rangi kwa mbao ya katikati.

Niliwaambia watoto kwamba hii itakuwa siri yetu. Wote wakakubali kwa kichwa. Nyimbo zikakaribia, fundi akafuta kidole chake kwenye suruali, na yule mama akasimama mbele ya boti yake. Aliweka miwani sawa. Akasoma kwa sauti, "Bahati." Uso wake ukalainika, nikaona kwamba alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miaka.

"Dana," mjukuu wake akamwita kwa Kijaluo mara moja, "ilikuwa inasema bata."

Siri yetu ilikuwa imekaa kadiri ya pumzi mbili. Fundi aliinamisha kichwa. Mimi niliangalia ziwa, ambalo kwa mara ya kwanza lilionekana mahali pazuri pa kujitupa. Waumini wakakatisha wimbo. Yule mama alisogea, akaona alama za mafuta ya taa kwenye mbao, akaona chaki vidoleni mwangu, akamwona fundi. Kisha akamgeukia mtoto.

"Nani amesoma hiyo bata?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi. Nimesema na mdomo."

Mama akakaa kwenye mchanga, na nguo zake nyeupe hivyo hivyo, akacheka. Alianza kwa mabega, halafu tumbo, halafu machozi. "Hata bata anaelea," akasema alipopata pumzi, na hapo watu wa kanisa wote wakapasuka, mchungaji akiwemo. Sijui maombi yalimalizikaje. Nakumbuka tu boti ikiteleza majini, watoto wakipiga makofi, na mimi nikiwa nimeingia majini mpaka magotini bila kujitambua, sketi moja kati ya mbili imelowa.

Jumatatu iliyofuata fundi alikuja shuleni na makopo sita ya mabaki ya rangi. Alikuwa ameyachuja kwa kitambaa na kuyafunika vizuri. Aliyapanga mlangoni, akabaki amesimama.

"Ile ya kujaza ndani ya herufi," akasema, "mtu mzima anaweza?"

"Anaweza sana."

"Watanicheka?"

"Watakucheka," nikamwambia, "lakini wananicheka hata mimi."

Aliingia akaketi kwenye kiti kidogo, magoti yakafika masikioni. Yule msichana alimletea karatasi ya B bila kuulizwa, akakaa kando yake kumsimamia. Fundi alikuwa na mkono ambao sijawahi kuuona tena. Bata wake alikuwa na manyoya moja moja, na maji chini yake yalikuwa na mawimbi. Lakini msimamizi wake hakuridhika na uzuri. Kila alipomaliza herufi aliulizwa, "Hii inasema nini?" na asipojua alirudishiwa karatasi. Alikuja karibu kila asubuhi ambayo hakuwa na boti ya kupaka. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alipita dirishani, akaona mtu mwenye ndevu anapaka bata rangi, akarudi hatua moja kuhakikisha. Baadaye nilisikia kwamba amemwambia mwalimu wa darasa la kwanza ajaribu kupaka rangi naye, isipokuwa bata wawe weupe.

Kufika Agosti wengi wa watoto wangu walisoma majina ya boti zote zilizokuwa ufukweni, na wachache walisoma kitu chochote utakachowapa. Fundi alikuwa amekwenda mbele yao kidogo, kwa kuwa hakulala usingizi wa mchana. Ndipo siku moja tukakutana safarini kwenda Homa Bay, mimi nafuata vifaa kwenye ofisi ya elimu, yeye ananunua rangi. Alikuwa amefika mji ule mara nyingi katika maisha yake, lakini alishuka garini akasimama kama mtu aliyewekwa mwezini.

"Mwalimu," akasema, "kumbe huu mji unaongea."

Hatukutembea tena. Kila hatua mbili alisimama. Alisoma DUKA LA DAWA. Alisoma KINYOZI, akampongeza kinyozi mwenyewe. Alifika mbele ya HOTEL, akasoma kwa uangalifu, akanigeukia na huzuni kidogo. "Wamesahau I." Nikamwambia hicho ni Kizungu. "Hata kama," akasema, "mtu akitaka kula atateseka," akaanza kufungua kopo la rangi alilokuwa amenunua, nikamshika mkono tukahangaika pale njiani, mimi nimekufa kwa kicheko, yeye hana habari.

Nyuma ya soko kulikuwa na ukuta mrefu wenye maandishi meusi. Fundi alisimama mbali kidogo, akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi. Siku hizo bado alikuwa anasoma silabi kwa silabi, kwa sauti kubwa, jinsi alivyofundishwa na mwalimu wake wa miaka mitano. "NI," akasema. "MA-RU-FU-KU." Hakuwa amemwona mwanaume aliyesimama pale ukutani ametugeuzia mgongo. "KU-KO-JO-A," fundi akatangaza, mtaa mzima ukamsikia. "HA-PA."

Yule mwanaume aliruka, akajifunga zipu mbio, akasema, "Pole, afande, sikuona," akapotelea kati ya vibanda vya mitumba. Akina mama wauza nyanya walishika mbavu. Fundi alinitazama, macho yanang'aa, hajui kama amefanya jema au baya.

"Si nimesoma tu?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye gunia la mtu, nimeshika tumbo, na gari letu la kurudi Sindo lilikuwa linapiga honi ya mwisho.